Dada, homoni inajuaje iende wapi?

Juzi usiku mdogo wangu kanipigia simu, yuko mwaka wa pili wa uuguzi, saa nne na nusu mi ndo nimerudi kutoka shifti ya jioni hata viatu sijavua, anasema dada kesho nina testi ya homoni nimekariri mpaka kichwa kinagonga lakini kuna kitu hakiniingii. Hivi homoni ikishatoka kwenye ubongo inajuaje iende kwenye kizazi isiende kwenye goti?

Nikanyamaza kidogo. Manake hilo swali hata mimi nimetembea nalo miaka. Nimechoma sindano za oksitosini, ndo homoni yenyewe hiyo ya kizazi, nyingi sana siwezi kuhesabu, najua dozi, najua ikae kwenye friji, najua ichomwe ndani ya dakika moja mtoto akishatoka, uniti 10 kwenye msuli wa paja, lakini miaka ile ya mwanzo ungeniuliza hiyo dawa inaongea nini na kizazi ningekujibu inakikaza, basi. Nilikuja kuelewa baadaye sana, na nilipoelewa kazi ya leba ikabadilika machoni pangu, nikawa naona vitu ambavyo vilikua mbele yangu siku zote.

Nikamwambia: haijui. Na kwenye goti inafika pia. Inafika kila mahali damu inapofika, kwenye kidole cha mguu, kwenye jicho, kwenye sikio. Anayejua ni yule anayepokea.

Tukaongea mpaka salio lake likaisha nikampigia mimi, na leo nina ofu nimeona niyaweke hapa kwa sababu najua kuna wanafunzi wengine wanakariri tu, na kuna kina mama wamechomwa hii sindano au wamewekewa dripu ya uchungu na hakuna aliyewaambia kilichokua kinaendelea mwilini mwao.

Sasa tuanze na hicho kitu chenyewe. Oksitosini ni peptidi, yaani chukua asidi amino uzitunge kwenye uzi kama shanga. Insulini ina shanga 51, oksitosini ina 9 tu. Tisa! Sita za kwanza zimejikunja zikawa duara, zimefungwa kwa salfa, tatu zilizobaki zinaning'inia kama mkia. Ndo hiyo tu. Mwaka 1906 Henry Dale kule London aliona maji yaliyotengenezwa kutokana na tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, yanakaza kizazi cha paka, lakini ilichukua mpaka miaka ya 1950 mtu kuzijua hizo shanga zote na mpangilio wake. Vincent du Vigneaud wa New York akaitengeneza maabara mwaka 1953, homoni ya kwanza ya peptidi kutengenezwa na binadamu, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1955. Ile ampuli tunayovunja leba leo inatokana na kazi ile.

Peptidi inapenda maji, na ukuta wa seli ni utando wa mafuta. Kwa hiyo haiwezi kupita. Estrojeni na projesteroni zenyewe zina asili ya mafuta zinapenya zinaingia mpaka ndani kabisa kwenye kiini, lakini peptidi inaishia nje, na hapa nilimwambia mdogo wangu afikirie nyumba za kwetu pwani. Mgeni anapiga hodi, anakaribishwa barazani, anatoa ujumbe wake pale pale barazani na anaondoka, chumbani haingii. Ujumbe unaingizwa ndani na watu wa nyumba. Na kama nyumba haina mtu wa kuitikia hodi, mgeni anapita tu anaenda zake. Goti halina mtu wa kuitikia hodi ya oksitosini, au wako wachache wasio na maana. Kizazi cha mama wa wiki 39 kimejaa watu barazani.

Huyo anayeitikia hodi ndo kipokezi. Ni protini ndefu imeshonwa kwenye utando wa seli, inaingia na kutoka mara saba kama uzi wa sindano, juu imeacha kijishimo ambacho oksitosini inakaa vizuri. Watafiti wa Japani ndo waliosoma jini yake mwaka 1992. Oksitosini ikikaa pale kipokezi kinajipinda kidogo tu, umbo linabadilika, na huo mjipindo unasikika upande wa ndani ambako kuna protini G imekaa inasubiri. Protini G inaamka, inaenda kuamsha kimeng'enya kinachoitwa fosfolipasi C, hicho kinakata mafuta fulani ya utando vipande viwili, kipande kimoja kinaelea mpaka kwenye ghala la kalsiamu ndani ya seli na kufungua mlango, kalsiamu inamwagika. Kalsiamu ikimwagika nyuzi za msuli zinashikana zinavutana. Seli inakaza. Na kwa vile seli za kizazi kuelekea kujifungua zinakua zimeunganishwa kwa vitundu, mmoja akikaza jirani anasikia, mpaka kizazi kizima kinakua gumzo moja. Ule uchungu mama anaoushika kitanda kwa mikono miwili, ndo huo.

Kinachonishangaza mpaka leo ni jinsi ujumbe unavyokua mkubwa njiani. Hodi ni moja, lakini kipokezi kimoja kinaamsha protini G kadhaa, kimeng'enya kimoja kinakata mafuta mengi, mlango mmoja ukifunguka kalsiamu inatoka kwa maelfu. Ndo maana homoni kidogo mno kwenye damu inaweza kutikisa mwili mzima. Haya mambo ya mjumbe wa pili, yaani yule anayeupokea ujumbe wa homoni na kuusambaza ndani ya seli, yalianza kueleweka kwa Earl Sutherland, yeye alikua anahangaika na ini na jinsi linavyoachia sukari, akapata Nobel mwaka 1971, protini G zikawapa Rodbell na Gilman mwaka 1994, alafu vipokezi vya ukoo huu wa mara saba vikawapa Lefkowitz na Kobilka mwaka 2012. Nilimwambia mdogo wangu hiyo miaka usiikariri kama hawakuulizi, ila ujue ni watu wametumia maisha yao kwenye huu mlango.

Mdogo wangu akaniuliza mbona basi mama akinyonyesha anasema tumbo linauma? Swali zuri sana na kila mkunga ameshaulizwa. Mtoto akishika chuchu, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye ubongo, oksitosini inatoka, inazunguka mwili mzima kama kawaida yake. Kwenye ziwa kuna seli ndogo za msuli zimezunguka vifuko vya maziwa, zina kipokezi kile kile, zinakaza, maziwa yanasukumwa. Kwenye kizazi nako kipokezi ni kile kile, kinakaza, mama anasikia chango. Na mwenye uzao wa tatu au wa nne maumivu yanakua makali zaidi kuliko wa kwanza. Nilikua na mama mmoja analia anataka kumtoa mtoto kwenye ziwa anaamini maziwa yake yana tatizo, nikakaa pale kitandani nikamweleza kwamba mama, mtoto anavyonyonya ndo anakuzuia usitoke damu, kila akivuta kizazi kinajikunja. Akamrudisha mtoto. Hakuacha kuumia lakini aliacha kuogopa, na mimi naona hiyo ni kazi nusu.

Hata kusikia mtoto akilia chumba cha pili kunatosha, gauni linalowana. Mlio tu! Wengi mnajua.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwangu mimi ndo kiini cha yote. Idadi ya vipokezi haikai ile ile. Mwanamke asiye na mimba kizazi chake kina vipokezi vichache vya oksitosini. Mimba inavyokua vinaongezeka, estrojeni inachangia, na mimba ikitimia vinaweza kuwa zaidi ya mara 100 ya vile vya mwanzo. Mara mia. Kwa hiyo ampuli ile ile, dozi ile ile, ukimchoma mama ambaye mimba imeharibika wiki ya 10 unaweza usione chochote, ndo maana mimba changa madaktari wanatumia misoprostoli ambayo inapita kwa vipokezi vingine kabisa. Na mama wa wiki 40 anaweza kushtuka na matone machache. Ndo maana dripu ya uchungu tunaanza nayo pole pole na tunapandisha kidogo kidogo huku mkono uko tumboni tunahesabu na tunasikiliza moyo wa mtoto, kwa sababu hatuwezi kuviona vipokezi vya huyu mama viko vingapi, tunaona jibu lake tu. Mama anasema nesi niongezee nimalize, ndugu nje wanasema mbona mnachelewa, lakini kizazi kikikaza bila kupumzika mtoto anakosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka. Nimeona kimoja kimepasuka. Sitaki kuona kingine.

Na kuna upande wa pili wa hii habari, na huu uliniuma.

Tulikua na dada mmoja uzazi wa kwanza, kaanzishiwa uchungu asubuhi, dripu ikaenda mchana, ikaenda usiku, ilipandishwa mpaka mwisho wa kiwango. Mtoto akatoka salama analia, nikachoma uniti 10 kama kawaida, kondo likatoka, naweka mkono tumboni kizazi ni laini kama unga wa maandazi. Damu. Tukakanda, tukaongeza oksitosini, kizazi kinakaza kidogo kinalegea tena. Nikawa namwambia mwenzangu kwa nini haisikii dawa, dawa tumeweka ya kutosha mbona haisikii. Daktari akaja akabadilisha akatumia dawa ya njia nyingine, ndo ikakaza. Dada yule alipona, aliongezewa damu chupa mbili.

Wahenga wana ule msemo, sikio la kufa halisikii dawa. Usiku ule ulikua unanizunguka kichwani na nilikua nauchukia. Nilivyokuja kusoma baadaye nikaelewa kwamba sikio lile halikua la kufa, lilikua limechoka. Kipokezi kikigongewa hodi masaa na masaa seli inajilinda. Kuna vimeng'enya vinakuja vinakibandika fosfati kwa ndani, alafu protini nyingine inaitwa arestini inakaa pale pale ambapo protini G ilitakiwa kukaa, njia imezibwa, na kisha kipokezi chenyewe kinavutwa kinaingizwa ndani ya seli. Barazani hakuna mtu. Hodi inapigwa hakuna wa kuitikia. Watafiti walichukua vipande vidogo vya kizazi kwa kina mama waliofanyiwa upasuaji baada ya dripu ndefu, wakakuta vipokezi vimepungua sana. Kwa hiyo kumwongezea oksitosini mtu ambaye amekula oksitosini siku nzima ni kupiga hodi kwa nguvu zaidi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Dawa ya njia nyingine inafanya kazi kwa sababu inaenda mlango mwingine.

Tangu nielewe hivyo, mama mwenye dripu ndefu nikimpokea shifti, kabla mtoto hajatoka nimeshaandaa laini ya pili kwenye mkono, nimeshahakikisha dawa za akiba zipo karibu, nimeshamwambia daktari wa zamu. Simlaumu aliyeweka dripu, dripu imeokoa wengi. Ila najua kinachoweza kuja.

Insulini mdogo wangu alitaka niiruke lakini testi yake ilikua nayo, kwa hiyo kwa ufupi: kipokezi chake ni cha ukoo tofauti, hakitumii protini G kuanzisha safari, chenyewe ni kimeng'enya. Insulini ikikaa nje, upande wa ndani kinajibandika fosfati chenyewe, alafu ujumbe unapita mtu kwa mtu mpaka vijifuko vyenye milango ya sukari vinasogea kwenye utando na sukari inaingia kwenye msuli. Shangazi yetu ana sukari aina ya pili, miaka ya mwanzo alipopimwa insulini yake ilikua ipo tena nyingi, shida iko kwa anayeitikia, ujumbe ukishapokelewa unafifia njiani. Nilimwambia mdogo wangu ukikumbuka shangazi utakumbuka hilo swali. Na msuli ukifanya kazi ile milango inasogea hata bila insulini, ndo maana shangazi akirudi shamba kipimo chake kinakua kizuri.

Turudi leba. Friji. Nataka niongelee friji kwa sababu watu wanaona ni mambo ya ofisini tu, ya kujaza fomu. Oksitosini inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Zile shanga tisa zikikaa kwenye joto zinaharibika, lile duara la salfa linafunguka, nyingine zinashikana mbili mbili, na kipokezi kinatambua umbo. Umbo likipotea hodi haieleweki. Kwa macho ampuli ni ile ile, maji meupe kama mwanzo, huwezi kujua. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, siitaji, umeme ulikua unakatika na ampuli zilikua zinakaa kwenye trei ya leba toka asubuhi mpaka jioni, pwani, joto unalijua. Kuna jioni nimechoma ampuli ya trei kizazi hakijajibu, nikachoma ya pili ya trei hakijajibu, mwenzangu akakimbia duka la dawa akaleta boksi lililokua kwenye friji, hiyo ya tatu ndani ya dakika tatu kizazi kikawa kigumu kama kifuu cha nazi. Siwezi kuapa mbele ya mtu kwamba ni joto lililoharibu, yawezekana ni jumla ya dozi zote tatu. Lakini siku hiyo ndo nilianza kutembea na ampuli kwenye boksi la barafu, na manesi wanaokuja chini yangu nawafundisha hivyo hivyo, unatoa ya mgonjwa aliye mbele yako.

Ndo maana nilifurahi sana na habari ya kabetosini. Hii ni oksitosini iliyobadilishwa kidogo, kati ya zile salfa mbili za duara, moja imetolewa ikawekwa kaboni mahali pake, na vijisehemu vingine viwili vimerekebishwa, kipokezi bado kinaitikia lakini vimeng'enya vya mwilini vinapata shida kuikata kwa hiyo inakaa muda mrefu zaidi, na ipo iliyotengenezwa isihitaji friji. Ilijaribiwa kwa wanawake 29,645 katika nchi 10, majirani zetu Kenya na Uganda wakiwemo, matokeo yakatoka mwaka 2018 kwamba katika kuzuia damu nyingi haipitwi na oksitosini, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye mapendekezo yake. Ni ya kuzuia kutoka damu baada ya mtoto kutoka, sio ya kuanzishia uchungu, hilo tuwe makini nalo sana. Kwa kituo chenye umeme wa kubahatisha hiyo ni tofauti kubwa kweli kweli.

Kuhusu ile habari kwamba ni homoni ya mapenzi, mdogo wangu aliitaja, mi sina mengi. Ubongo una vipokezi vyake na unajitolea oksitosini yake humo humo ndani, ile ya kwenye damu haivuki kirahisi kuingia kwenye ubongo. Wanaouza dawa za kupuliza puani za kumfanya mtu akupende wanauza matumaini.

Jambo moja ambalo wanafunzi wanalisahau. Oksitosini ina ndugu yake, vasopresini, shanga tisa vile vile, tofauti ni shanga mbili tu, ya tatu na ya nane. Huyo ndugu kazi yake ni kuiambia figo izuie maji. Sasa ukiweka oksitosini nyingi kwa muda mrefu tena kwenye maji mengi yasiyo na chumvi, inaanza kubisha hodi kwenye mlango wa ndugu yake na unafunguliwa, kwa sababu sura zinafanana. Figo inazuia maji, chumvi ya damu inashuka, mama anaanza kuchanganyikiwa, anaweza kupata degedege na kila mtu anadhani ni kifafa cha mimba. Andikeni maji anayoingiza na mkojo anaoutoa. Tafadhali.

Saa sita kasoro mdogo wangu akauliza swali la mwisho, na hili ndo limenifanya nikose usingizi. Akasema dada, na zile dawa za bibi?

Bibi yetu mzaa mama alikua mkunga wa jadi, kazalisha kijiji kizima, na alikua na majani anachemsha mama mwenye uchungu unaosuasua anakunywa. Chuoni walitufundisha dawa za kienyeji za kuongeza uchungu ni hatari, na ni kweli, mimi ni wa kwanza kusema mama asinywe, dozi haijulikani na kizazi kinaweza kupasuka, nimeshapokea waliokunywa njiani. Lakini nikamweleza habari ya Kongo. Miaka ya 1960 daktari Mnorwei anaitwa Lorents Gran alikua kule Luluabourg, leo ni Kananga, akaona wanawake wanakunywa chai ya mmea mmoja kuharakisha kujifungua, wenyewe wanauita kalata-kalata. Akachukua mmea, akatafuta ndani yake, akakuta peptidi. Peptidi! Nasi tunajua peptidi ukiimeza tumbo linaisaga kama nyama, ndo maana oksitosini hainywewi, na ukiichemsha inaharibika. Hii ilikua inachemshwa na bado inakaza kizazi. Umbo lake lilieleweka mwaka 1995, shanga 29 zilizounganishwa mwanzo na mwisho, haina ncha, alafu katikati imefungwa mafundo matatu ya salfa yanapitana, vimeng'enya havina pa kuanzia kuikata. Na mwaka 2013 watafiti wakaonyesha kwamba peptidi moja ya mmea ule, ndugu wa ile ya kwanza, inakaa kwenye kipokezi cha oksitosini chenyewe. Mlango ule ule.

Mdogo wangu kimya. Alafu akasema kwa hiyo bibi alikua anajua.

Nikamwambia wanawake wa Kananga walikua wanajua kizazi kinajibu nini. Bibi alikua na mmea wake mwingine, wa kwetu, na mimi sijui ndani yake kulikua na nini.

Jana nimempigia mama kumuuliza jina la ule mti. Anakumbuka sufuria nyeusi ya bibi, anakumbuka maji yalikua yanachemka mpaka yanabadilika rangi kama chai ya rangi iliyokolea, anakumbuka mahali mti ulipokua, nyuma ya kisima, na kwamba walikuja kuukata walipojenga choo cha shule. Jina halikumbuki. Amesema ataniulizia kwa dada yake.